Bakuli la Bibi: Namna ya kutambua asili na umri wa chombo cha udongo tulichorithi



Mpendwa msomaji, nyumba nyingi za wazee wetu zina chombo kimoja kisichotumika. Huenda ni chungu, mtungi, sahani au bakuli. Kimewekwa juu ya kabati, watoto hawaruhusiwi kukigusa, na kila mgeni anayekitazama husimuliwa habari yake: kilitoka kwa nani na kilikujaje nyumbani. Kwa kawaida hakuna anayeuliza kama habari hiyo ni kweli. Swali huja siku mtu anapotaka kukiuza, au siku wajukuu wanapoanza kubishana.

Kwetu swali lilikuja wakati wa likizo ya Pasaka. Bibi yangu mzaa mama ana bakuli jeupe, pana, linalotosha wali wa watu wanne, lenye maua ya bluu na mekundu kuzunguka ukingo. Kwa habari aliyopewa na mama yake, babu yake Bibi alitolewa utumwani akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mapadre wa Bagamoyo, na siku ya ubatizo wake padre mmoja akampa bakuli hilo. Bibi hajui mwaka. Anachojua ni kwamba Abushiri alipopigana na Wajerumani, babu yake alikuwa tayari kijana mwenye nguvu zake.

Mwaka huu alipita dalali mmoja. Akaligeuza bakuli, akasema ni kaure ya Kichina ya miaka mia tano, na kwamba ana mnunuzi mjini. Ila kwanza Mjomba atoe fedha kidogo ya kulipia vipimo. Mjomba, ambaye nyumba yake haijapauliwa hadi leo, alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kununua mbuzi wake wawili. Bibi akasema bakuli la ubatizo haliuzwi. Mjomba akasema kama ni la Wachina, basi si la ubatizo. Siku ya Jumatatu ya Pasaka walikuwa hawasemezani, na wote wawili wakanigeukia mimi: "Frateri, wewe ndiye unayesoma. Sema."

Mimi nasoma falsafa, si elimu ya mambo ya kale. Lakini niliona kwamba falsafa inaweza kunisaidia kuuliza maswali kwa utaratibu, na majibu mengi yalikuwa juu ya bakuli lenyewe. Nimeandika hapa njia niliyoipita, ili nawe uweze kuipita ukiwa na chombo cha kwenu.

Maswali manne ya kuanzia

Mwaka wa kwanza wa falsafa tunafundishwa sababu nne za Aristotle. Kitu hueleweka tukijua kimetengenezwa kwa nini, kina umbo gani, nani alikitengeneza, na kwa kusudi gani. Walimu hupenda kutoa mfano wa sanamu. Bakuli linafaa vilevile.

Ni vema kuyauliza maswali hayo kabla ya kusikiliza habari ya familia, au angalau kuiweka habari hiyo pembeni kwa muda. Haina maana kwamba wazee ni waongo. Ila ukishaambiwa "hili ni la Kichina", macho yataanza kuuona Uchina hata usipokuwepo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyewaheshimu sana mababa waliomtangulia, alikiri kwamba hoja inayosimama juu ya mamlaka ya mwanadamu peke yake ndiyo dhaifu kuliko zote. Basi tuanze na udongo.

Swali la kwanza: ni udongo gani?

Vyombo vya udongo vimegawanyika katika makundi makubwa matatu. Kundi la kwanza ni vyombo vya udongo wa kawaida, vilivyochomwa kwa moto usio mkali sana. Chungu cha kupikia kimo humo, na bakuli jeupe la kiwandani linaweza kuwemo pia. Udongo huu una vitundu vidogo vinavyofyonza maji, ndiyo maana mtungi hupoza maji. Bakuli la kiwandani hupakwa utando unaong'aa kama kioo ili lisivuje. Kundi la pili ni vyombo vilivyochomwa kwa moto mkali hadi vikawa vigumu kama jiwe, kama mitungi mizito ya zamani ya mafuta na vinywaji. Kundi la tatu ni kaure, inayotengenezwa kwa udongo maalumu mweupe na kuchomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1200.

Kutofautisha makundi haya hakuhitaji maabara. Washa tochi ya simu usiku, uiweke nyuma ya ukingo wa chombo. Kaure nyembamba hupitisha mwanga kidogo na unaweza kuona kivuli cha kidole chako. Udongo wa kawaida haupitishi. Kisha geuza chombo, utafute sehemu ya kitako iliyokwanguka au isiyo na utando wa kioo, udondoshe tone moja la maji. Likinywewa, huo ni udongo wenye vitundu. Likibaki juu, huenda ni kaure au udongo wa jiwe. Tazama pia mahali palipovunjika: kaure ikivunjika hung'aa kama kioo, udongo wa kawaida huwa kama chaki.

Kipimo hiki kinasema mengi kuhusu asili. Kaure ilitengenezwa Uchina kwa karne nyingi kabla ya Wazungu kuijua siri yake. Kiwanda cha kwanza cha kaure ya kweli barani Ulaya kilifunguliwa Meissen, Ujerumani, mwaka 1710. Kwa hiyo kaure ya miaka mia tano haiwezi kutoka Ulaya, na bakuli lisilo kaure haliwezi kuwa kaure ya Kichina, hata dalali akiapa.

Bakuli la Bibi halikupitisha mwanga hata kidogo. Palipokwanguka kitakoni, tone la maji lilinywewa mbele ya macho yetu. Mjomba alilitazama tone lile, akarudia yeye mwenyewe, na la pili nalo likanywewa. Mbuzi wakapona.

Swali la pili: umbo na mapambo

Dalali hakuitaja Uchina bila sababu. Pwani yetu ilinunua vyombo vya Kichina tangu zamani. Vipande vyake vimepatikana Kilwa, Gedi na kwingineko, na huko Kunduchi na Kaole watu walipachika mabakuli kwenye makaburi yenye nguzo. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kila bakuli la zamani la pwani ni la Mchina. Lakini mapambo yana lugha yake.

Tazama kwanza kama pambo lilichorwa kwa mkono, lilichapwa au liligongwa kama muhuri. La mkono halijirudii sawasawa, kwa kuwa jani moja litakuwa nene na jingine jembamba. Pambo lililochapwa kwa karatasi, ufundi ulioanza Uingereza katikati ya karne ya 18, lina mistari myembamba mno, na ukichunguza utaona mahali ncha mbili za karatasi zilipokutana bila kulingana.

Maua ya bakuli la Bibi yalinipa shida hadi nilipoyahesabu. Yalikuwa kumi na mawili, na kila moja lilikuwa na pengo dogo kwenye petali ileile ya kushoto. Mkono wa mtu haukosei mara kumi na mbili kwa namna moja. Ua hilo liligongwa kwa kipande kimoja cha sifongo kilichokatwa umbo la ua na kuchovywa rangi. Ufundi huu ulienea katika viwanda vya Ulaya katika karne ya 19, kwa sababu ulikuwa rahisi na wa haraka.

Usidanganywe na nyufa. Wengi wakiona mistari midogo kama utando wa buibui juu ya chombo husema, "hiki ni cha kale." Nyufa hizo hutokea pale utando wa kioo na udongo wa ndani visipotanuka na kunywea sawasawa. Zinaweza kuja baada ya miaka mia, au baada ya miezi michache ya kumwagiwa chai ya moto. Wapo hata wanaozitengeneza makusudi.

Swali la tatu: nani alilitengeneza?

Hapa ndipo kwenye mhuri, na hapa wengi hukimbilia kwanza. Bibi alinipa ruhusa nikasafisha kitako kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Nakuomba usitumie mchanga, steelwool wala dawa ya kung'arishia, maana unaweza kufuta ushahidi pekee ulio nao. Masizi yalipotoka, alitokea mnyama aliyelala, mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Alikuwa sfinksi wa Misri. Kumzunguka kulikuwa na maandishi: *Petrus Regout & Co., Maastricht*. Na chini yake: *Made in Holland*.

Maastricht ni mji wa kusini mwa Uholanzi. Petrus Regout alianza kufinyanga huko mwaka 1836, na kiwanda chake kikawa kikubwa sana. Yeye alifariki mwaka 1878, lakini jina lake liliendelea kupigwa kwenye vyombo. Mwaka 1899 kampuni ilichukua rasmi jina la huyo mnyama wake, De Sphinx. Vyombo vya Maastricht viliuzwa mbali, hasa Asia ya Kusini Mashariki na pwani ya Afrika Mashariki. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vyake Unguja na Pemba, kwenye makazi ya watu wa mashamba ya karafuu. Yaani bakuli la Bibi lilikuwa na ndugu wengi.

Mihuri mingine nayo ina funguo zake. Chombo cha Uingereza chenye alama ya almasi yenye herufi na namba pembeni ni cha muundo uliosajiliwa kati ya mwaka 1842 na 1883. Chenye *Rd. No.* na namba ni cha muundo uliosajiliwa kuanzia 1884. Na chombo chenye maneno ya kuruhusu kuwekwa kwenye maikrowevu, basi, Bibi yako atakusamehe ukicheka.

Mhuri ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Wafinyanzi wa Uchina wa karne ya 17 na 18 mara nyingi waliandika kwenye kaure zao jina la enzi ya mfalme Chenghua, aliyetawala hadi mwaka 1487, kwa kuheshimu kazi za wakati ule. Anayeusoma mhuri peke yake anakosea kwa miaka mia mbili. Ndiyo maana udongo na mapambo hutangulia: mhuri ukikubaliana navyo tunausadiki zaidi, ukipingana navyo tunasita.

Kanuni ya alama changa

Sasa tuko kwenye jambo ambalo ningependa msomaji alikumbuke hata akisahau mengine yote. Chombo hakiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko alama yake iliyo changa zaidi. Bakuli linaweza kuwa na jina la mtu aliyeanza kazi mwaka 1836. Lakini likiwa na neno moja lililoanza kutumika mwaka 1890, lote ni la baada ya 1890. Alama ya kale inaweza kuendelea kutumika baadaye, ila alama mpya haiwezi kutangulia wakati wake.

Alama changa ya bakuli letu ilikuwa maneno yale matatu ya Kiingereza. Kwa nini kiwanda cha Uholanzi kiandike Kiingereza? Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria kali kuhusu alama za bidhaa, ili za kigeni zisijifanye za Kiingereza. Mwaka 1890 Marekani ikapitisha sheria iliyoanza kufanya kazi mwaka 1891, iliyodai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka kwa Kiingereza. Viwanda vilivyouza nje vikazoea kuandika hivyo, na maneno *Made in* yakaenea hasa katika karne ya 20.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na kijiji cha waliokombolewa kikakua hapo. Abushiri alipigana mwaka 1888 na 1889. Ikiwa babu yake Bibi alibatizwa akiwa mtoto, na vita hivyo vilimkuta kijana, basi alibatizwa miaka mingi kabla ya maneno yale kuwa desturi ya viwanda.

Nilikuwa nimekaa jikoni na bakuli mapajani. Dalali nilikuwa nimemshinda kwa furaha. Sikutegemea kwamba kanuni ileile ingemgeukia Bibi.

Swali la nne: lilikuwa la kazi gani, na lilifikaje?

Kabla ya kusema lolote nilijilazimisha kutenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Kuna wakati chombo kilipotengenezwa, kuna wakati kilipofika nchini, na kuna wakati kilipoingia kwenye familia. Mhuri husema juu ya ule wa kwanza tu. Bakuli linaweza kukaa dukani miaka mitano, kwenye nyumba ya mtu mwingine miaka thelathini, ndipo likaja kwenu kama zawadi ya harusi. Kwa hiyo mhuri unaweza kuikanusha tarehe iliyo mapema mno, lakini hauwezi kuithibitisha tarehe yoyote ya baadaye.

Kusudi la bakuli hili lilikuwa wazi. Mikwaruzo ya ndani imekaa katikati, mahali vidole vya walaji wengi hukutana. Kitako kimelika upande mmoja kwa kuburutwa mkekani. Halikuwa pambo. Watu walikula humo kwa miaka mingi, pamoja.

Nilisoma pia habari za mikono iliyotengeneza vyombo kama hivi. Mwaka 1887 tume ya bunge la Uholanzi ilichunguza hali za wafanyakazi, na viwanda vya Regout vya Maastricht vilijulikana kwa kuwatumikisha vijana wadogo hata usiku. Mwaka 1889 ikaja sheria ya kuwalinda wanawake na vijana kazini. Mwaka 1891, mwaka uleule wa sheria ya Marekani kuanza kazi, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum kuhusu haki za wafanyakazi. Sikutegemea kuukuta waraka huo nikichunguza bakuli la wali. Lakini ni vema kujua kwamba chombo kina wazazi wawili, waliokitumia na waliokitengeneza, na wote walikuwa watu.

Je, maabara?

Wengine wataniuliza kwa nini tusipeleke bakuli likapimwe. Kipimo cha kaboni, ambacho wengi tumekisikia, hupima vitu vilivyowahi kuwa hai. Hakipimi udongo. Kinaweza kupima masizi au mabaki ya chakula yaliyoganda kwenye chungu. Kipo kipimo kingine kinachopasha moto unga kidogo wa chombo na kupima mwanga unaotoka, ili kujua ni muda gani umepita tangu chombo kilipochomwa. Lakini lazima chombo kitobolewe kidogo, na jibu huja kwa kipindi cha miaka mingi, si kwa mwaka mmoja. Kwa bakuli lenye mhuri unaosomeka, mhuri unasema zaidi na hautozi fedha. Mtu akikuomba fedha kabla ya kipimo ambacho hawezi kukueleza, baki na mbuzi wako.

Na chungu kisicho na mhuri?

Wengi wenu hamna bakuli la Uholanzi. Mna chungu cha bibi. Chungu kilichofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni hakina maandishi, na mitindo yake hudumu vizazi vingi, hivyo umri wake ni mgumu kujulikana. Asili yake ni rahisi zaidi. Tazama rangi ya udongo na chembe zilizochanganywa ndani yake, umbo la shingo, na mahali michoro ilipowekwa. Kisha waendee kina mama wanaofinyanga hadi leo. Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, kwa mfano, wanajulikana kwa vyungu vyao, na mfinyanzi mzoefu hutambua kazi ya kwao kama wewe unavyoutambua mwandiko wa dada yako.

Ikiwa chungu kilichimbuliwa shambani, jambo ni tofauti. Wataalamu hukadiria umri wake kwa tabaka la ardhi lililokishika na vitu vilivyolala karibu nacho. Ukikitoa, ushahidi huo umepotea na haurudi. Kiache mahali pake, utoe taarifa kwenye ofisi ya serikali. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba wala kupeleka nje vitu vya namna hiyo bila kibali.

Nilivyomweleza Bibi

Nilikaa siku mbili bila kusema. Nilijipa sababu nyingi: ni mzee, habari hii ndiyo inayomfurahisha, ukweli utamsaidia nini? Lakini Mjomba alikuwa ameshaniona nikiusoma mhuri, na wajukuu wadogo walikuwa wameanza kunong'ona kwamba "hadithi ya utumwani" ni ya kutunga. Hilo lilinitisha kuliko yote. Kwa ajili ya mhuri mmoja, watoto walikuwa tayari kumtupa babu mzima.

Jioni ya pili nikamketisha Bibi, nikamweleza hatua kwa hatua, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza huku akipeta mchele. Nilipomaliza, alikaa kimya kitambo, halafu akasema, "Kwa hiyo padre hakumpa babu yangu bakuli hili."

"Si siku ile ya ubatizo, Bibi. Bakuli ni dogo kwa umri kuliko ubatizo wake."

"Na babu yangu, naye hakukombolewa?"

"Hilo bakuli halijui, Bibi."

Akaacha kupeta. "Basi mbona umekuja na uso wa msiba? Wewe uliulizwa habari za bakuli. Babu yangu hakuwekwa kwenye kabati."

Akacheka, akaniita "mume wangu", jina aliloacha kuniita tangu nilipoingia seminari. Kisha akawaita wajukuu na kuwaambia kwa sauti: bakuli ni la Uholanzi, lilikuja baadaye, huenda lilinunuliwa dukani, na babu yao mkuu alikuwa mtoto aliyetolewa utumwani Bagamoyo. Aliyasema yote mawili, na hakuna aliyenong'ona.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi hapa seminarini. Kosa langu na la wale watoto lilikuwa moja: tulifunga mambo mawili kwa kamba moja, kisha jambo dogo lilipoanguka tukadhani na kubwa limeanguka. Bakuli lilikuwa alama ya habari. Msingi wake ulikuwa mahali pengine: katika masimulizi ya mama kwa binti, na labda katika vitabu vya ubatizo vya misheni. Shahidi wa swali la ukombozi ni vitabu hivyo. Likizo ijayo, Mungu akipenda, nitaomba ruhusa kwa wahusika nivitafute. Sijui nitakuta nini. Nimeshamwahidi Bibi kwamba nitamwambia vyovyote itakavyokuwa, naye amesema yuko tayari.

Kwako mwenye chombo cha urithi

Chukua daftari, ugawe ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza: *Tunayoyaona*. Andika udongo, vipimo, mapambo, mhuri, mikwaruzo, na upige picha ya kitako. Ya pili: *Tunayoyasikia*. Andika habari ya wazee kwa maneno yao, pamoja na jina la aliyesimulia na tarehe ya kusimulia. Usiirekebishe hata ukiona imekosea. Ya tatu: *Tunayoyakisia*. Andika maoni yako na sababu zake. Usihamishe kitu kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila ushahidi. Weka karatasi hiyo pamoja na chombo, maana mjukuu wako hatakuwa na wa kumuuliza.

Na fanya hivyo mapema, wazee wakiwa bado wanakumbuka. Chombo kinaweza kungoja miaka mia nyingine juu ya kabati. Bibi hawezi.

Bakuli letu halikuuzwa. Jumapili iliyofuata lilishushwa, likaoshwa, likajazwa wali, na Mjomba na Bibi wakala humo pamoja.